Darasa la malezi la Tabata: nililipia mjukuu, nikasomwa mimi

Barua aliileta mtoto mwenyewe, imekunjwa kwenye mfuko wa chupa yake ya uji. Karatasi ya daftari, kalamu ya bluu, hati ya mtu aliyechoka: "Bibi, shikamoo. Babu ameuma tena. Akirudia mara moja tu naomba mumtafutie dei kea nyingine." Chini kabisa mwenye dei kea, mama mtu mzima tunayeheshimiana, akaongeza: "Samahani sana mwalimu."

Babu ni mjukuu wangu, miaka mitatu na nusu. Amechukua jina la marehemu mume wangu, ndiyo maana hapa nyumbani hakuna anayemwita kwa jina. Mimi nikiwa na raha naye namwita mume wangu. Nikiwa sina raha ni "huyu mtoto". Mwezi ule alikuwa huyu mtoto kutwa kucha. Nilikwenda kumwangalia mwenzake aliyeumwa. Meno manne ya juu, matatu ya chini, yamejipanga nusu duara kama mshono wa cherehani, katikati pamevilia damu. Mama yake hakunifokea. Alinyoosha tu ule mkono wa mwanawe mbele yangu, niutazame mpaka nishibe.

Natanguliza hayo ili mjue sikwenda darasani kupoteza muda. Nimefundisha shule ya msingi miaka 36, hisabati na Kiswahili, Temeke yote inanijua, nikastaafu 2023. Mtu kama mimi haendi kufundishwa kulea. Lakini jirani wa kulia alishauri kombe, wa kushoto akashauri fimbo, na fimbo nilikuwa nimeshaitumia wiki mbili bila mafanikio. Mwenzangu wa kikoba ndiye aliyenipa namba ya simu ya darasa la Tabata.

Jina la hilo darasa silitaji. Nina mazuri mengi ya kusema na mabaya mawili matatu, na wenyewe ni vijana wanaotafuta riziki. Mwenye shida kweli ataulizia, Tabata si kubwa kiasi hicho.

Ni Jumamosi sita, elfu 15 kila Jumamosi, jumla elfu 90. Mstaafu ukisema elfu tisini unaisema taratibu. Ukumbi uko ghorofa ya kwanza juu ya duka la dawa, viti vya plastiki, feni moja inayozunguka kwa kusitasita, chai ya maziwa na maandazi mawili kwa kila mtu. Tangazo linasema saa tatu kamili asubuhi. Mimi natoka Yombo Vituka, napanda gari la Buguruni, mia sita, navuka barabara napanda la Tabata, mia sita nyingine, na Jumamosi ya kwanza saa tatu kasoro dakika tano nilikuwa nimekaa. Tulianza saa nne kasoro robo. Hiyo ilijirudia Jumamosi zote sita na sikuwahi kuizoea.

Tulikuwa 17. Wanawake 16 na baba mmoja, dereva wa bajaji mwenye mapacha, aliyekaa karibu na mlango kama mtu atakayeitwa abiria muda wowote. Anayefundisha ni muuguzi mkunga, binti wa miaka thelathini na kitu, wote tunamwita Sista. Alinishika mkono akasema, "Shikamoo mwalimu, nimeambiwa unakuja." Marahaba. Nikajua mwenzangu wa kikoba alishapeleka taarifa.

Swali lake la kwanza lilikuwa: mtu wa umri gani anapiga wenzake kuliko watu wote? Mmoja akasema vijana wa vijiweni. Mwingine akasema kidato cha pili. Baba mapacha akasema makonda, tukacheka. Sista akasema ni mtoto wa miaka miwili hadi minne. Anapiga, anasukuma, anauma, ananyang'anya, kwa siku moja mara nyingi kuliko mhuni yeyote mnayemjua. Tunasalimika kwa sababu hana nguvu. Akamtaja Richard Tremblay wa Canada, aliyetumia miaka mingi kuwafuata watoto tangu wachanga. Alichokiona ni kwamba ukorofi wa mwili hausubiri mtoto ajifunze kwa wenzake. Unatangulia. Wengi wanajifunza kuuacha kidogo kidogo kabla ya kuingia shule, wakipata maneno ya kusema wanachotaka na mtu mzima wa kuwazuia bila kuwavunja.

Nilibisha kimoyomoyo. Nilikaa na darasa la kwanza miaka tisa, ningeshindwaje kuliona hilo? Nimefika Buguruni kwenye foleni ndipo nikaelewa. Wale watoto walikuja kwangu wana miaka saba. Kilele kilikuwa kimeshapita, kimepita nyumbani, uani kwa mama zao, mimi nikapokea waliokwisha kupoa na nikajisifu kwamba nimewapoza mimi. Na lile swali nililokuwa namuuliza mama yake Babu kila jioni, "huyu kajifunza wapi haya?", lilikuwa swali bovu. Swali ni nani atamfundisha kuacha.

Kwa hiyo tu, elfu 15 ya kwanza ilirudi.

Jumamosi ya pili ndiyo ninayotaka kuisema kwa kirefu, maana ndiyo nzuri na ndiyo waliyoharibu. Sista alitumulikia ukutani utafiti ambao Tremblay na wenzake waliuchapisha mwaka 2004. Familia 572 za Quebec, mtoto akifuatwa tangu ana miezi mitano hadi miezi 42. Mama wanaulizwa: anapiga? Anauma? Anapiga mateke? Majibu yakagawanyika makundi matatu. Kati ya watoto 100, 28 walikuwa hawapigi au hawapigi sana. 58 walipanda kidogo kidogo wakabaki wa kawaida. 14 walipanda hadi juu. Nikapiga hesabu pembeni mwa daftari: 14 kwa 100 ya 572 ni watoto kama 80. Ninapenda kuona vichwa vya watoto, asilimia zinawaficha.

Kisha akauliza: hao 80, unaweza kuwajua mapema? Wale watafiti walikuta kuna mambo yanayoonekana mtoto hajazaliwa au ndiyo anazaliwa. Mama aliyekuwa mkorofi enzi zake za shule. Mama aliyeanza kuzaa akiwa mdogo. Mama aliyevuta sigara na mimba. Nyumba yenye kipato kidogo. Mtoto kuzaliwa akakuta ndugu zake nao bado wadogo. Na mtoto akifika miezi mitano kuna mawili mengine: mama anayelea kwa makaripio na kushurutisha, na nyumba isiyosikilizana. Maandishi yote ya ukutani yalikuwa Kiingereza, Sista anasoma na kutufasiria papo hapo, na kila kitu alikiita "visababishi". Nikanyoosha mkono. Nikasema, mwanangu, kisababishi ndicho kinachozaa jambo. Hivi ulivyotusomea ni vihatarishi. Mawingu ni kihatarishi cha kulowa. Kinacholowesha ni mvua, na mwenye mwavuli halowi. Akafuta, akaandika upya kwa mkono: VIHATARISHI. Nilifurahi kuliko inavyostahili.

Basi, baada ya pale akagawa fomu. Visanduku saba, weka vema panapokuhusu. Hakuna neno. Lakini akatuomba tuseme kwa sauti, mmoja mmoja, tumepata vingapi.

Mstari wa mbele alikaa binti wa miaka 19 hivi, mtoto mgongoni kwenye kanga ya zambarau. Ilipofika zamu yake akasema "vinne", taratibu. Nyuma kuna mtu akasonya. Sio kwa ubaya pengine, ni ile ya kuonea huruma, lakini msonyo ni msonyo. Wakati huo Sista alikuwa anaeleza kwamba mama aliyekuwa mkorofi shuleni na pia akaanza kuzaa mapema, kwa utafiti ule, uwiano wa mtoto wake kuangukia kundi la juu uliongezeka mara 10.9. Alisema hivyo hivyo, "karibu mara kumi na moja", na ukumbi ukapoa. Yule binti akaomba kwenda chooni. Alichukua na mkoba. Andazi lake lilibaki kwenye sahani, limeng'atwa mara moja.

Hakurudi siku ile wala Jumamosi zilizofuata.

Wakati wa chai nilimfuata Sista pembeni. Nikamwambia, mwanangu, matokeo hayasomwi mbele ya darasa. Nilipokuwa nalisema hilo nilijisikia ulimi mzito, kwa sababu miaka 36 nimesoma matokeo mbele ya darasa, nikianzia wa mwisho. Nikamuuliza na la hesabu: wale wenye vihatarishi vyote viwili, watoto wao wote waliingia kwenye lile kundi la 14? Akasema hapana mwalimu. Nikamuuliza, hilo umelisema? Akanyamaza. Kwa haki yake nasema: Jumamosi iliyofuata alianza kwa kuomba radhi mbele ya wote, fomu zikawa zinakunjwa na kuingizwa kwenye bahasha, na alisema alimpigia yule binti mara tatu. Lakini darasa la namna hii kazi yake ni kuwashika wenye vinne. Ukiwapoteza hao, umebaki na sisi tunaokuja kukosoa sarufi.

Na liko jingine. Isomeni tena ile orodha. Mama, mama, mama. Sisi wenyewe tuna methali ya asiyefunzwa na mamaye, nimeiandikisha imla mara nyingi sana, na sikuwahi kujiuliza babaye alikuwa amekwenda wapi. Utafiti uliuliza mama kwa sababu mama ndiye aliyepatikana nyumbani kuulizwa, hilo naelewa. Darasa la Tabata halina sababu hiyo. Kuna baba mmoja tu kati ya watu 17 na hakuna aliyeona ajabu, wala hakuna Jumamosi hata moja iliyopangwa kwa ajili yao. Baba mapacha alisema kitu kikubwa siku ya nne, kwamba akirudi na hesabu ya bosi haijatimia, mapacha wanajua kwa namna anavyozima bajaji. Sista akasema asante kwa kutushirikisha na akaendelea na ukurasa. Pale ndipo palipokuwa na somo zima la "nyumba isiyosikilizana", akalipita kama gari la mwendokasi linavyopita kituo ambacho halisimami.

Turudi kwenye tumbo. Kuhusu mimba walifundisha vizuri, na kwa vitu vya hapa hapa. Sista alimwaga mezani vijiti vya pemba, ule udongo wa wajawazito, amevinunua sokoni asubuhi ile, mia mbili mia mbili. Harufu ilipopanda kama mvua ya kwanza, nawaambieni, nusu ya ukumbi tulimeza mate. Mimi na mimba ya mama yake Babu nilikuwa nakula mpaka vijiti vinne kwa siku; nilikuwa na miaka 41, kitindamimba, na nilivificha kwenye droo ya chaki ofisini. Akatueleza kwamba wataalamu wamewahi kuvipima vijiti hivi wakakuta madini mazito ndani yake, pamoja na madini ya risasi. Risasi inavuka kondo la nyuma ikamfikia mtoto, na mtoto anayeipata tumboni au utotoni ubongo wake unaumia zaidi sehemu ile inayomwambia subiri, acha, fikiri kwanza. Breki, kwa lugha ya baba mapacha. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Hakusema pemba ndiyo inayofanya watoto waume. Alisema mwenye hamu ya udongo aende kliniki akapimwe damu, kwani mara nyingi mwili umepungukiwa madini ya chuma. Mjamzito mmoja alifungua pochi yake akatoa vyake viwili, akaviweka juu ya vile vya mezani, bila neno.

Kuhusu sigara alikuwa mkweli kuliko nilivyotegemea. Alisema mtoto wa mama aliyevuta na mimba huonekana mkorofi zaidi katika tafiti nyingi, lakini wengine waliwalinganisha ndugu wa tumbo moja, mimba moja mama anavuta na nyingine ameacha, na tofauti ikapungua sana. Maana yake sehemu ya lawama inayowekwa kwenye sigara ni ya mengine yaliyomo kwenye nyumba ile ile. Sigara bado inamdhoofisha mtoto tumboni, anazaliwa na uzito mdogo, hilo halina ubishi. Napenda mwalimu anayekubali kwamba jibu la kitabu lina shimo. Pombe aliipitia haraka: tangu mwaka 1973 madaktari wa Seattle walipowaeleza watoto walioumizwa na pombe ya mama, ushauri ni kutokunywa kabisa.

Halafu akaingia kwenye wasiwasi wa mama. Kule Bristol, Uingereza, maelfu ya wanawake waliokuwa wajawazito mwaka 1991 na 1992 waliandikishwa na watoto wao wakafuatwa. Waliokuwa na wasiwasi mkubwa miezi ya mwisho ya mimba, watoto wao walipofika miaka minne walionekana kuwa na matatizo zaidi ya tabia na hisia. Sista akauliza: mnawajua wajawazito waliokaa miezi ya mwisho wakilia?

Ninamjua mmoja. Mama yake Babu alikuwa kidato cha tatu mwaka 2021. Kijana ni wa bodaboda, wa kijiwe cha karibu tu. Shule ikamwondoa kama zilivyofanya shule zote wakati ule. Mimi mwalimu, mwenye sauti wilaya nzima, binti yangu kaondolewa shule kwa mimba. Niliacha kumsemesha. Kuanzia Agosti maneno yangu kwake yalikuwa "chakula kipo" na "zima taa". Mwezi Novemba mwaka ule ule Serikali ikatangaza kwamba wanaojifungua waruhusiwe kurudi shule. Nilisikia redioni nikiwa napanga meza, yeye yuko chumbani na mimba ya miezi saba, na sikwenda kumwambia. Alisikia kwa dirisha, kwenye redio ya jirani.

Kwenye ile fomu ya visanduku saba hakukuwa na sanduku la bibi. Nililichora mwenyewe, chini, kwa kalamu nyekundu, nikaliwekea vema na kukunja karatasi.

Siku ya nne ilikuwa ya nyumba na mikono. Tulipewa kazi: kaa na mtoto dakika kumi, hesabu amri unazotoa. Nilikaa uani na Babu anacheza na vifuniko vya soda, nikachora vijiti kwenye karatasi kama tunavyohesabu kura za kiranja. Shuka hapo. Acha. Usiweke mdomoni. Njoo. Vuta kamasi. Si nimesema uache? Vijiti 41. Katika hivyo 41 alivitii sita, na kwa vile sita sikumwambia hata ahsante. Vile 35 vilivyobaki vilipita hewani, maana yake kila siku namfundisha mtoto kwamba maneno yangu hayana uzito mpaka yafuatwe na kofi.

Gerald Patterson wa Oregon, Marekani, alilieleza hilo kwa kukaa majumbani mwa watu na kuwatazama, na mimi nililiona kwangu bila kusafiri. Babu anataka simu. Nakataa. Anapiga kelele. Nakataa. Anajibwaga chini, anarusha chupa. Nampa simu, kimya. Yeye amejifunza kelele zinalipa, mimi nimejifunza kutoa kunaleta utulivu. Kesho yake nachagua njia nyingine, nazaba kofi, kimya. Sasa mimi ndiye niliyejifunza kwamba kofi linalipa, naye amejifunza kwamba mkubwa akitaka kitu anapiga. Kisha namshangaa akimpiga mdogo wake.

Hapo palizuka mjadala mkubwa na niliushiriki kwa nguvu, nikiwa upande mbaya. Nilisema samaki mkunje angali mbichi. Sista akauliza, mwalimu, kanuni za viboko shuleni zinasemaje? Ninazijua kwa moyo: za mwaka 2002, visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kwenye daftari. Akauliza, hilo daftari ulipata kuliona limejazwa ukweli? Nikacheka, wakacheka wote, mjadala ukaishia hapo. Alituonyesha matokeo ya uchunguzi wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania: karibu robo tatu ya wasichana na ya wavulana pia walisema walipata kipigo au ukatili mwingine wa mwili kabla ya kufika miaka 18. Kama fimbo peke yake ingekuwa dawa, alisema, tungekuwa nchi yenye watoto wapole kuliko zote.

Sikupenda alivyolisema. Siku mbili baadaye niliona ni kweli.

Kinachouza darasa hili hasa, na wao wenyewe hawakiweki kwenye tangazo, ni kwamba Sista anakuja nyumbani. Mara moja, imo ndani ya elfu 90. Alisema wazo ni la zamani: mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Elmira, jimbo la New York, David Olds na wenzake waliwapelekea wauguzi majumbani wajawazito wa mimba ya kwanza, wengi wao wadogo na wa kipato kidogo, na ziara zikaendelea mpaka mtoto anafika miaka miwili. Wanawake 400 waliingia kwenye utafiti. Watoto walipofika miaka 15, wale wa akina mama wasioolewa, wa kipato kidogo, waliotembelewa walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache kuliko wenzao. Sista kuja Yombo mara moja si Elmira, hilo nimwambie wazi yeyote anayetaka kulipa. Lakini hiyo mara moja ilitosha kuona nilichokuwa sikioni.

Alikuja Jumatano saa kumi jioni, akakataa kiti, akakaa kwenye mkeka uani. Dakika arobaini hakufundisha kitu. Alimenya machungwa aliyokuja nayo. Babu alimchungulia, akamsogelea, akamwekea kifuniko kimoja mapajani. Mama yake akatoka ndani na mdogo mtu, miezi kumi, akakaa kumnyonyesha. Babu akaacha vifuniko. Akatembea moja kwa moja, mkono umeshakunjwa. Mimi nikavuta pumzi ya kufoka, Sista akanigusa goti. Aliinuka nusu, akaupokea ule mkono hewani, akaushika kama mtu anayeshika kifaranga. Akasema, "Mkono haupigi. Unataka mama?" Mtoto akamkazia macho. "Sema: nataka mama." Ikachukua muda, kamasi zikashuka, mwisho akasema, "Nataka mama mimi." Mama yake akasogea, akampa goti la pili. Basi. Mtoto mmoja ziwani, mmoja gotini, na uani pakatulia hivi hivi.

Sista akaniambia wakati namsindikiza kituoni: anauma siku zipi dei kea? Nilikwenda kuulizia. Mwenye dei kea akafungua daftari lake. Ni siku ambazo mama yake analeta mtoto huku amembeba mdogo mgongoni. Siku ninazompeleka mimi, hajapata kuuma hata mara moja.

Jumamosi ya tano ilihusu lishe, na kama unajua uji wa nguvu na dagaa hutapata jipya sana, isipokuwa ile habari ya kisiwa cha Mauritius: watoto waliokuwa na dalili za utapiamlo wakiwa na miaka mitatu walikuwa wakorofi zaidi kuliko wenzao walipofika minane, kumi na moja na kumi na saba. Ya sita ilikuwa vyeti na picha. Elfu 15 kwa cheti chenye jina langu limekosewa herufi moja. Wangeitumia siku hiyo kwa akina baba.

Nikisahihisha kwa kalamu yangu ya zamani natoa 68 kwa 100, nayo ni B, kwa mtu anayejua sitoi B ovyo. Wamepoteza kwa muda, kwa Kiingereza cha ukutani, kwa yule binti wa kanga ya zambarau, na kwa viti vya akina baba ambavyo havikuwahi kuwekwa. Ila Sista nampa peke yake 90.

Babu hajauma tangu Juni. Ametema mate mara mbili, na wiki iliyopita alimwambia mwenzake wa dei kea, "Mkono haupigi," kisha akamsukuma kwa tumbo.

Kundi jipya linaanza Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Nimemlipia mama yake, mimi nitabaki na watoto. Yule kijana wa bodaboda nimemtumia nauli na ujumbe kwamba kuna kiti kimewekwa karibu na mlango. Ujumbe umesomwa, alama mbili za bluu ninaziona, jibu bado.